Shajara ya mradi: kizimba cha protini kinachojijenga chenyewe

Januari: tunachotaka kujenga

Lengo la mradi ni kutengeneza aina mbili za protini ambazo kila moja ikikaa peke yake hubaki imeyeyuka na kutulia, lakini zikikutanishwa katika chupa moja zinatambuana na kujipanga zenyewe kuwa kizimba cha mviringo chenye upana wa nanomita 25 hadi 30. Kizimba hicho kikishapatikana, tutakivika protini nyingine kwa nje. Hatukubuni muundo mpya. Tumechagua ule uitwao I53-50, mmoja kati ya miundo iliyochapishwa mwaka 2016 na maabara ya David Baker ya Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, kwa kuwa umeshapimwa na wengi na tabia zake nyingi zinajulikana.

Jina lake linaeleza umbo. Herufi I ni ya ikosahedroni, umbo lenye nyuso 20 za pembetatu na ncha 12, na tarakimu 5 na 3 zinataja matofali mawili ya ujenzi: pentameri, yaani protini tano zilizoshikamana, na trimeri, yaani protini tatu. Kizimba kimoja kina trimeri 20 na pentameri 12, na kwa hiyo minyororo ya protini 120, nusu ya aina ya A, inayounda trimeri, na nusu ya aina ya B, inayounda pentameri, yenye uzito wa jumla wa karibu megadaltoni 2.5 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni). Trimeri imetokana na kimeng'enya cha aldolasi cha bakteria wa maji moto, Thermotoga maritima, na pentameri imetoka katika familia ya lumazini sinthasi. Kwa asili protini hizi mbili hazina uhusiano wowote. Waliozibuni walibadilisha asidi amino chache kwenye sehemu ambayo trimeri na pentameri zingegusana iwapo zingepangwa kwa ulinganifu wa ikosahedroni, na badiliko hilo dogo ndilo lililozifanya zitambuane.

Kulikuwa na chaguo rahisi zaidi, nalo ni I3-01 iliyochapishwa mwaka huohuo, ambayo ni kizimba cha aina moja tu ya protini, minyororo 60, kinachojengeka ndani ya bakteria mara tu protini inapozalishwa. Wepesi huo ndio uliotufanya tuiache. Tunataka kuchunguza ujenzi wenyewe, na mtu hawezi kuchunguza ujenzi uliokamilika kabla hajaivunja seli.

Sababu ya kukivika kizimba inafahamika zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuliko wanavyodhani. Chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa katika awamu ya tatu Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa vituo vingine na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ni chembe inayojikusanya yenyewe ndani ya hamira, na sehemu ya protini ya kimelea hukaa juu ya uso wake kwa kujirudiarudia. Seli B za kinga huamka vizuri zaidi zinapokutana na kitu kilichorudiwa mara nyingi kwa mpangilio kuliko kinapoelea kimoja kimoja. I53-50 nayo imefika huko: chanjo ya UVIKO-19 iitwayo SKYCovione, iliyoidhinishwa Korea Kusini mwaka 2022, ni kizimba hikihiki kikiwa kimebeba nakala 60 za sehemu ya kirusi inayojishikiza kwenye seli zetu. Sisi hatutengenezi chanjo. Tutavika kizimba protini ya kijani inayong'aa, isiyo na hatari na inayoonekana kwa macho.

Februari: jeni

Jeni zimeagizwa na kufika zikiwa ndani ya plasmidi, yaani duara dogo la DNA linaloingizwa kwenye bakteria. Upande wa A tumetumia toleo lisilo na sisteini. Uamuzi huu unaonekana mdogo ila una maana kubwa, kwa sababu sisteini mbili zilizo wazi zikikutana kukiwa na oksijeni hufunga kifungo cha salfa bila kujali kama zilipaswa kukutana, na huo ni utambuzi ambao hakuna aliyeuomba. Kundi la Mark Howarth, lililokuwa Oxford, lilipata faida kwa kuondoa sisteini mbili kwenye I3-01 na kutoa toleo lililotulia zaidi, mi3. Nasi tumefuata njia hiyohiyo tangu mwanzo.

Kwenye ncha ya N ya protini A, yaani mwanzo wa mnyororo wake, ambayo katika kizimba kilichokamilika hutazama nje, tumeongeza uzi mlegevu wa glisini na serini, na mbele yake SpyTag. Hiki ni kipande cha asidi amino 13 kilichotoka kwenye protini ya bakteria Streptococcus pyogenes, iliyogawanywa na kundi hilohilo la Howarth mwaka 2012 katika sehemu mbili: kipande hiki kifupi, na mwenzake mkubwa aitwaye SpyCatcher. Vikikutana, asparteti ya upande mmoja na laisini ya upande wa pili hufunga kifungo cha isopeptidi ambacho hakifunguki tena, hata sampuli ikichemshwa pamoja na sabuni. Ncha ya C, yaani mwisho wa mnyororo, tumeiachia histidini sita kwa ajili ya safu ya nikeli, bomba la kusafishia ambalo histidini hushikamana nalo.

Machi: kuzalisha na kusafisha

Trimeri haikutupa taabu. Bakteria E. coli waliizalisha kwa wingi, ikabaki kwenye maji baada ya seli kuvunjwa kwa mawimbi ya sauti, ikashika safu ya nikeli na kutoka ikiwa safi kwa imidazoli, kemikali inayoibandua kwenye nikeli. Pentameri ina tabia nyingine. Uso wake wa mguso, ule ulioundwa ili kukutana na trimeri, una asidi amino zinazokimbia maji, na zikikosa mwenzi hutafutana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana waliofuatia walitengeneza toleo lenye mabadiliko ya kuongeza uyeyukaji, B.4PT1, na ndilo tunalotumia. Hata hivyo, kwenye nyuzijoto 37 sehemu kubwa ilizama chini na mabaki ya seli. Tuliposhusha joto hadi 18 mara baada ya kuongeza IPTG, kemikali inayowaamsha bakteria wazalishe protini, na kuwaacha bakteria wakue usiku kucha, hali ilibadilika, na bafa ya kuvunjia seli, yaani myeyusho unaodhibiti kiwango cha asidi, ilipotiwa CHAPS, sabuni laini isiyoumiza protini, pentameri ilibaki juu.

Jambo la kuzingatia kwa yeyote atakayerudia kazi hii ni upimaji wa ukolezi. Tunapima ufyonzaji wa mwanga kwa nanomita 280, na mwanga huo hufyonzwa hasa na triptofani na tairosini. SpyTag ina tairosini moja, kwa hiyo kigezo cha kugeuza ufyonzaji kuwa ukolezi cha A yenye kipande hicho hakifanani na cha A tupu kilichoandikwa katika makala za awali, na hesabu ya uwiano wa A kwa B hupotoka tangu mwanzo kama kigezo hakikufanywa upya. Katika kizimba ambacho kila A inahitaji B moja, upotovu mdogo huonekana baadaye kama masalio ya matofali yasiyopata kazi.

Aprili

Sentrifuji kubwa ilikuwa kwa mafundi, hivyo kazi ya uzalishaji ilisimama. Tuliitumia nafasi hiyo kupima uhifadhi. Trimeri iliyogandishwa kwa nitrojeni kimiminika ilirudi katika hali yake ilipoyeyushwa, ilhali pentameri iliyogandishwa bila glisero ilitoka na ukungu mweupe chini ya kijichupa. Ikiwekewa glisero kidogo, ukungu haupo. Tangu sasa pentameri yote itahifadhiwa hivyo.

Mei: kuchanganya

Kuchanganya kwenyewe ni tendo la sekunde chache. Bafa ya Trisi yenye chumvi ya kawaida ya milimola 150 inatangulia, kisha trimeri, na pentameri inakuja mwisho, kidogo kidogo, huku kijichupa kikizungushwa taratibu kwa mkono. Trimeri tumeizidisha kidogo kwa makusudi, kwa kuwa ikibaki itaendelea kuyeyuka bila matata na kutoka nyuma kwenye safu ya kuchuja kwa ukubwa, ambamo chembe kubwa hutangulia kutoka, wakati pentameri ikibaki peke yake hugeuka mashapo. Kwa ukolezi mdogo myeyusho haubadiliki hata kidogo ukiutazama. Kwa ukolezi mkubwa, ukiuinua mbele ya taa, unapata rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi, na rangi hiyo haimaanishi mashapo: ni chembe kubwa zinazotawanya nuru.

Mchoro wa safu ya kuchuja kwa ukubwa ulitoa mlima mkubwa wa protini mapema, mbele kabisa ya mahali ambapo trimeri na pentameri hutokea zikiwa peke yake, na mlima mdogo wa trimeri iliyozidi baadaye. Sampuli ya mlima wa kwanza ilipochemshwa na kupitishwa kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito ilionyesha mistari miwili yenye wino unaokaribiana, A juu kidogo na B chini. Kipimo cha mtawanyiko wa nuru kilitoa kundi moja la chembe lenye upana unaolingana na uliochapishwa. Hayo yote ni ushahidi wa pembeni, na tulikuwa na subira ya kungoja darubini ya elektroni kabla ya kusema lolote.

Kwenye darubini, baada ya sampuli kuwekwa juu ya wavu wa shaba wenye utando wa kaboni na kupakwa uranili asetati, rangi nzito inayotia weusi pembeni mwa protini, kizimba kinaonekana kama duara jeupe katika uwanja mweusi. Ukisogeza karibu, duara si duara kamili: lina pembe, na katikati yake kuna doa jeusi mahali rangi ilipopenya kupitia matundu yaliyo kati ya trimeri na pentameri. Chembe zimeelekea pande tofauti, kwa hiyo nyingine zinaonyesha pembetatu katikati na nyingine zinaonyesha nyota yenye miguu mitano. Wachache kati yao wamevunjika, kama herufi C. Hao waliovunjika ndio waliotuchukulia muda mwingi zaidi kuwafikiria kuliko wazima.

Juni: kwa nini mshikamano usiwe mkali zaidi

Mwanafunzi aliyejiunga nasi mwezi huu aliuliza swali ambalo linastahili ukurasa wake. Ikiwa kuna vizimba vilivyo wazi upande mmoja, aliuliza, kwa nini uso wa mguso usibuniwe upya ili ushike kwa nguvu zaidi, hata kufikia nguvu ya biotini na streptavidini, ambazo kipimo chao cha kuachana (kadiri kilivyo kidogo ndivyo mshiko ulivyo mkali) kiko karibu na mola 10 kwa kipeo cha hasi 14? Jibu linatakiwa kuandikwa kwa utaratibu, kwa sababu ndilo moyo wa mradi huu.

Tangu Emil Fischer alipoifananisha mwaka 1894 kazi ya kimeng'enya na kufuli na ufunguo wake, tumezoea kuufikiria utambuzi wa molekuli kama jambo la kufaa au kutofaa. Mfano huo unasaidia kueleza uchaguzi, lakini hausemi lolote kuhusu kukosea. Matofali ya kizimba hayafiki mahali pake kwa mpango: yanagongana ovyo kwenye maji, na mara nyingi yanashikana kwa pembe isiyo sahihi. Ikiwa mshiko huo usio sahihi unadumu, tofali linalofuata linajengwa juu ya kosa, na baada ya muda mfupi matofali yote ya chupa yanakuwa yamesambaa kwenye vizimba vingi vilivyoanza na visivyoweza kukamilika, maana hakuna tofali huru lililobaki la kukijaza kimojawapo. Ikiwa mshiko ni hafifu, tofali lililokaa vibaya linaachia na kwenda kujaribu kwingine.

Swali linalofuata ni jinsi kitu chenye mishiko hafifu kinavyoweza kudumu, na hapa hesabu ya I53-50 inapendeza. Kila trimeri katika kizimba kamili inagusa pentameri tatu, na kila pentameri inagusa trimeri tano, hivyo kuna migusano 60. Trimeri iliyoshikwa kwa mguso mmoja tu inaondoka upesi. Iliyoshikwa kwa migusano mitatu haiwezi kuondoka mpaka yote mitatu iachie kwa wakati mmoja, na mmoja ukiachia, miwili iliyobaki inaishikilia trimeri mahali pake mpaka ule wa kwanza urudi. Kwa hiyo kizimba kinachoendelea kujengwa kinarekebishika, na kilichofungwa kinakaa. Udhaifu wa kila mguso na uimara wa jumla haupingani, ila ni pande mbili za mpango uleule.

Wenzetu wanaochunguza virusi walilijua hili zamani. Mwaka 2002, Pablo Ceres na Adam Zlotnick walionyesha kwamba ganda la kirusi cha homa ya ini aina ya B, lililojengwa kwa jozi 120 za protini, linashikwa na migusano ambayo kila mmoja una nguvu ya kilokalori 3 hadi 4 tu kwa moli. Kirusi cha mozeiki ya tumbaku, fimbo ya nanomita 300 yenye nakala 2,130 za protini moja, kiliundwa upya ndani ya chupa kutokana na protini na RNA zilizotenganishwa, kazi iliyofanywa na Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams mwaka 1955, na protini zake hushikamana zaidi joto linapoongezeka, jambo linaloonyesha kwamba kinachosukuma ujenzi ni maji yanayofukuzwa kutoka kwenye nyuso zinazogusana kuliko mvuto wenyewe kwa wenyewe.

Tulilijaribu hili kwa matofali yetu. Pentameri ilipomiminwa yote kwa mara moja kwenye ukolezi mkubwa, herufi C ziliongezeka kwenye darubini na safu ilitoa bega pana mbele ya mlima mkuu. Ilipoongezwa polepole kwenye ukolezi mdogo, bega lilipungua. Sampuli ya kwanza ilipoachwa usiku kucha kwenye joto la chumba, sehemu ya bega ilihamia kwenye mlima, ingawa si yote. Hatudai kwamba tumepima kinetiki, yaani kasi, ya ujenzi. Kwa hilo tungehitaji kipimo cha mtawanyiko wa nuru kinachochanganya ndani ya milisekunde, nacho hatuna. Ila mwelekeo unafanana na ule unaotarajiwa, na kwa maoni yangu umetosha kuamua kwamba juhudi zetu zielekezwe kwenye kasi na ukolezi wa kuchanganya, wala si kwenye kuongeza nguvu ya mguso.

Agosti: kukivika kizimba

SpyCatcher iliyounganishwa na protini ya kijani ilizalishwa bila shida, na beseni la barafu lenye vijichupa vya kijani limewavutia wageni wengi kuliko picha zozote za darubini. Tulitaka kujua jambo moja: kipi kianze, kuvika au kujenga.

Tukivika baada ya kizimba kukamilika, jeli inaonyesha mstari mpya juu, karibu kilodaltoni 64, ambao ni A na SpyCatcher na protini ya kijani vikiwa vimefungwa pamoja daima, huku sehemu ya A ikibaki bila kuvikwa hata SpyCatcher ikizidishwa. Nafasi 60 zipo, lakini kila protini ya kijani inayokaa inamzuia jirani. Tukivika trimeri kwanza, zikiwa huru na kila upande wazi, karibu A yote inavikwa, na baada ya kuondoa SpyCatcher iliyozidi tunaongeza pentameri, na kizimba kinajengeka kama kawaida. Njia hii ina faida ya pili. Trimeri zilizovikwa zikichanganywa na zisizovikwa kwa uwiano tunaoutaka kabla ya kuongeza pentameri, wingi wa mavazi juu ya kizimba unafuata uwiano huo, na kwa hiyo msongamano wa nje unapangwa kwa pipeti.

Kwa mtazamo wa kanuni ya Juni, mgawanyo wa kazi unaonekana bayana. Kifungo kisichofunguka cha SpyTag kinafaa pale ambapo hakuna kosa la kurekebisha, kwa kuwa tagi na mshikaji wake haviwezi kukaa kwa pembe mbaya vikazuia wengine. Kujenga kizimba chenyewe kwa kifungo cha aina hiyo kungekuwa kufunga makosa yote ndani yake. Kuna makundi yaliyojenga maumbo kwa SpyTag na SpyCatcher kama gundi kuu, na maumbo hayo mara nyingi ni minyororo na mitandao ya jeli ambayo haidai kila kitu kikae mahali pake halisi. Hapo chaguo lao ni sahihi kabisa.

Jambo ambalo bado linatusumbua ni kipande cha pentameri kinachobaki huru baada ya kuvika kwanza. Trimeri zilizobeba protini ya kijani ni nzito na zinasogea polepole, na inawezekana mavazi yanaufunika uso wa mguso kwa muda.

Septemba: hatua inayofuata

Tumeamua kurefusha uzi wa glisini na serini kati ya A na SpyTag, ili protini ya kijani isimame mbali zaidi na uso wa mguso. Jeni za nyuzi mbili ndefu zimeshaagizwa. Sambamba na hilo, tunatumia ProteinMPNN, programu iliyotoka mwaka 2022 katika maabara ya Baker, kupendekeza mabadiliko kwenye uso wa nje wa pentameri, mbali na mguso, ili kupunguza hitaji lake la CHAPS. Mguso wenyewe tumeufungia usibadilishwe. Mapendekezo ya programu yanapitishwa kwenye AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini, na yale ambayo umbo linalotabiriwa linapotoka yanaondolewa. Programu hizi zimeleta mapinduzi, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 kwa Baker, Demis Hassabis na John Jumper ilistahili, lakini umbo linalotabiriwa halielezi ni muda gani trimeri itakaa pale inapogusa pentameri kwa mara ya kwanza kabla ya kuachia, na hilo ndilo tunalolihitaji.

Kati ya mapendekezo yaliyobaki tutachagua machache yenye chaji hasi zaidi nje, na kuyazalisha yote kwa nyuzijoto 18 katika bafa mbili, yenye CHAPS na isiyo nayo. Lile litakalobaki juu katika bafa ya pili ndilo litakalochanganywa kwanza na trimeri za uzi mrefu. Nafasi ya darubini ya elektroni imeombwa kwa mwisho wa Oktoba.